Kola ya Umeme na Mbwa Tusiyemwona

Huku Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, msimu wa kuwinda grausi hufunguliwa katikati ya Septemba, na jioni ya kuamkia siku hiyo barabara za kwenda kaskazini hujaa magari yenye vizimba vya mbwa nyuma. Grausi ni ndege wa msituni, ukubwa wake unakaribiana na kwale wetu, rangi yake ni ya majani makavu, na huruka ghafla kwa kishindo cha mabawa kinachomshtua hata mwindaji wa miaka thelathini. Bila mbwa unaweza kupita hatua tatu tu kutoka alipojificha usimwone. Safari ya kumfuata huchukua saa tatu, nne, na katika magari mengi kinachosikika njiani ni podikasti: watu wawili watatu wakizungumza kuhusu ndege, bunduki na mbwa.

Nimesikiliza vipindi hivyo kwa misimu sita sasa. Nimewasikiliza pia wasikilizaji wenzangu, katika barua zinazosomwa mwanzoni mwa kipindi, na kwenye maegesho ya msituni ambako watu husimama na kahawa zao wakisubiri kupambazuke. Malalamiko hayakosekani. Matangazo ya biashara ni marefu. Watangazaji hukumbushana safari zao nusu saa nzima kabla ya kuingia kwenye mada, jambo ambalo mimi nalipenda, maana ndivyo wawindaji wanavyozungumza. Wapo pia wanaochukia kusikia jina la msitu likitajwa hewani, kwa sababu Jumamosi inayofuata watakuta magari kumi mahali walipozoea kuwa peke yao. Hoja hiyo ina uzito, na watangazaji ninaowafuata wameielewa. Siku hizi hutaja jimbo tu, wakaishia hapo.

Linalowagawa wasikilizaji kwelikweli, na kurudi kila mwaka kama msimu wenyewe, ni kola ya umeme.

Kola hiyo ni mkanda wa shingoni wenye kisanduku kidogo na ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi ya mbwa. Mwindaji hubeba rimoti. Akibonyeza kitufe, mbwa husikia mlio, au mtetemo, au hupata mshtuko wa umeme ambao nguvu yake hupandishwa kwa ngazi, kuanzia mguso unaomfanya mbwa ageuze sikio tu hadi maumivu ya kumtoa kilio. Katika podikasti za Kimarekani nilizozisikiliza, kola huzungumzwa kama filimbi: kila mtu anayo, swali ni ya aina gani. Lakini barua za kuipinga huja, na majibu ya kuzipinga barua hizo huja kwa wingi zaidi.

Wanaoitetea wana hoja ambayo anayekaa mjini ni rahisi kuidharau. Misitu ya umma ya kaskazini ni mikubwa mno. Msitu wa Taifa wa Superior peke yake una mamilioni ya ekari. Grausi hupenda miti michanga iliyosongamana, ile inayoota upya baada ya wakata magogo kupita, na mbwa wa kuelekeza pua, yule anayesimama kumwonyesha mwindaji ndege alipojificha badala ya kumrukia, hutafuta akiwa mita mia au zaidi mbele yako, humwoni. Humo humo mna barabara za malori ya magogo. Mna nungunungu, na mbwa akimng'ata mara moja hurudi na miiba mdomoni, kwenye ulimi na kooni. Wengine hawajifunzi, hurudia mwezi ujao. Mna mbwa mwitu wa kijivu, ambao mara chache huua mbwa wa wawindaji. Mbwa akishashikwa na harufu, au akaanza kumfukuza paa, filimbi huwa kama upepo tu. Msikilizaji anayesema kwamba kola ilimgeuza mbwa wake hatua chache kabla ya barabara hana haja ya kuambiwa na yeyote kuwa yeye ni katili.

Tena ana utafiti wa kushika mkononi. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichapisha matokeo ya mbwa 19 waliofunzwa kuacha kukimbiza kitu kinachovutwa kwa mashine uwanjani. Waliovaa kola waliacha upesi. Waliofunzwa kwa chakula peke yake hawakuacha ndani ya siku chache za mafunzo.

Upande wa pili nao haukuja mikono mitupu. Wales ilipiga marufuku kola hizi mwaka 2010. Ujerumani, nchi iliyowapa wawindaji baadhi ya mbwa wao bora kabisa, mahakama yake kuu ya masuala ya utawala iliamua mwaka 2006 kwamba matumizi yake ni kinyume cha sheria ya ulinzi wa wanyama. England ilikusudia kufuata Februari 2024, ila kanuni zake hazikukamilishwa bungeni. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, England, walichapisha ulinganisho wa mbwa 63 katika makundi matatu, na wale waliofunzwa kwa zawadi waliitika amri za kuja na kuketi vizuri kuliko waliovaa kola, ingawa waliofundisha kwa kola walikuwa wazoefu waliopendekezwa na watengenezaji wenyewe. Wasikilizaji wa upande huu huongeza kwamba Waingereza wana mashindano ya mbwa wa kuwinda tangu miaka ya 1860, karne nzima kabla ya kola kuingia madukani, na mbwa wao husimama kwa filimbi moja.

Nikizipima hoja hizi naona kila upande unalinganisha jambo lake na jambo ambalo si la mwenzake. Spanieli wa Kiingereza, mbwa wa kumwinua ndege kichakani, hufanya kazi ndani ya mita thelathini za bunduki, kwenye mashamba yenye mwenyewe na nyua zake. Akikosea, anayemfundisha anamwona na kumfikia. Mbwa wa Minnesota akikosea, kosa lenyewe hulioni, unasikia njuga yake tu ikipotelea msituni. Kwa hiyo kumwambia mwindaji wa hapa kwamba Waingereza wanaweza ni kumjibu swali ambalo hakuuliza. Vivyo hivyo, utafiti wa Lincoln ulipima kuja na kuketi, haukupima nungunungu. Na utafiti wa Arizona, ambao wapenzi wa kola wanaushika kama hati ya kiwanja, ulipima kumkomesha mbwa asikimbize kabisa. Mimi sitaki mbwa anayekoma. Nataka mbwa amtamani ndege kwa roho yake yote, kisha asimame wima, mguu mmoja hewani, akimwelekezea pua mpaka nifike. Umeme unaweza kuua tamaa upesi sana. Kuibakiza tamaa na kuitia adabu ni kazi nyingine.

Hilo nilijifunza kwa mbwa wangu, na nalisema kwa uchungu. Asali ni Brittany, aina ya mbwa wa kuelekeza pua, mweupe mwenye mabaka ya rangi ya asali. Akiwa na miezi kumi na moja alikuwa anaelekeza vizuri, ila ndege akiruka alimfukuza mpaka mwisho wa upeo. Nikasikiliza kipindi kimoja ambamo mfunzaji mzoefu alieleza jinsi anavyotumia kola kumsimamisha mbwa ndege anapoinuka. Alieleza kwa ufasaha, kwa sauti ya upole, dakika kama arobaini. Jumamosi nikaenda shambani na Asali na kola mpya. Ndege akainuka, mbwa akaruka nyuma yake, nami nikabonyeza. Alilia. Nikarudia mara mbili siku hiyo.

Wiki iliyofuata Asali aliponusa harufu ya ndege aligeuka akaja kutembea nyuma ya miguu yangu. Akapita pembeni mwa kichaka chenye ndege kana kwamba hakina kitu. Hakuwa amejifunza kutofukuza, alikuwa amejifunza kwamba ndege anauma. Wafunzaji wanalijua tatizo hili tangu zamani na wana jina lake, na wote husema ni rahisi kulisababisha na ni vigumu kuliondoa. Mzee mmoja jirani yangu, aliyefuga mbwa wa kuwinda tangu ujana wake, alimtazama Asali kwa muda, akaniuliza kama kabla ya kumpeleka kwenye ndege nilikuwa nimemfundisha maana ya kola. Sikujua kwamba kola ina maana ya kufundishwa.

Naam, ina maana ya kufundishwa. Mbwa kwanza hufunzwa amri ya kuja kwa kamba ndefu, wiki kwa wiki, mpaka aijue hata ukinong'ona. Ndipo kola huwekwa kwa ngazi ya chini kabisa anayoihisi, ikienda sambamba na kamba ile ile, ili aelewe kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeizima kwa kuja. Yote hayo hufanyika mbali na ndege. Na kumsimamisha mbele ya ndege kuna njia ya kale isiyohitaji umeme: njiwa wa kurudi nyumbani hufichwa kwenye kisanduku cha springi, na mbwa akivuka hatua moja kumsogelea, kisanduku hufunguliwa na njiwa huenda zake. Mbwa hugundua mwenyewe kwamba akisogea anapoteza. Njiwa hurudi bandani jioni, kesho hutumika tena.

Nilirudi kukisikiliza kile kipindi. Mfunzaji yule hakudanganya. Alikuwa amesema, mara moja, katika sentensi moja, kwamba mbwa awe ameshazoeshwa kola. Nilikuwa naendesha gari kwenye mvua, ikanipita.

Tangu siku hiyo naona kwamba mabishano ya wasikilizaji yanaacha jambo muhimu kuliko yote. Tunabishana kola ni njema au ni mbaya, wakati tunaisikia kupitia chombo kisichoweza kutuonyesha mbwa. Kazi yote ya kola iko kwenye nukta: sikio limegeuka au halijageuka, mkia umeshuka au umebaki juu, kidole kimebonyeza kabla ya hatua au baada yake. Ukichelewa kidogo tu, mbwa ameadhibiwa kwa jambo jingine. Kwa masikio unaweza kujifunza historia ya ndege, sheria za msimu, namna ya kuchagua mbwa mdogo kutoka kwa mfugaji mwaminifu, hata namna ya kupika grausi. Nukta ile huwezi kujifunza kwa masikio. Filimbi ukiipiga vibaya mbwa anachanganyikiwa, na kesho unarekebisha. Kola ukiibonyeza vibaya unaweza kumpoteza mbwa mzima, naye bado yuko hai nyumbani kwako.

Liko pia suala la fedha, ambalo wapinzani hulitaja kwa ukali. Watengenezaji wa kola ni miongoni mwa wanaozilipia podikasti hizi. Sikubali kwamba kila mtangazaji aliyelipwa amenunuliwa. Ninaowasikiliza husema wazi nani amewalipa, na kwa sifa ninazowajua nazo wangetumia kola hata bila malipo. Lakini tangazo lina namna yake ya kuibana sentensi. Kipindi kinachofunguliwa na punguzo la bei ya kola hakitatumia dakika kumi kumweleza msikilizaji mpya kwamba mwaka wake wa kwanza hahitaji kola. Hakuna uongo wowote uliosemwa, ila zile dakika kumi hazipo. Hapo nawaunga mkono walalamikaji bila kusita.

Nilikulia Tanga, mahali ambapo mbwa hakai sebuleni. Hata hivyo madrasani tulisomeshwa kwamba aya ya nne ya Suratul Maida inahalalisha mawindo ya wanyama waliofundishwa, jina la Mwenyezi Mungu likitajwa, na kwamba katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani yetu mbwa aliyefundishwa anajulikana kwa alama: akitumwa anakwenda, akizuiwa anajizuia, akikamata hali, na hayo yajirudie mpaka ionekane kuwa ndiyo tabia yake. Hukumu ile ni ya mbwa anayekamata mwenyewe, na Asali huokota tu ndege aliyepigwa. Lakini nikiwasikiliza Wamarekani wakibishana juu ya vifaa hukumbuka kwamba alama zile zote zinamhusu mbwa na matendo yake yanayojirudia. Wahenga wetu nao walisema mbwa wa msasi mkali ni wakali pia. Zamani niliichukua methali hiyo kama sifa kwa msasi.

Ningekuwa natunga barua ya kusomwa hewani, nisingeomba kola ipigwe marufuku Minnesota. Lori la magogo halingojei zawadi ya nyama. Ningemwomba mtangazaji kwamba kila anapomsifu mbwa kwa kazi ya kola, ataje kwanza miezi aliyotumia kwa kamba, umri wa mbwa, na nani alikuwa pembeni akimwonyesha. Na kwamba somo la kumsimamisha mbwa mbele ya ndege asilitoe kwa sauti peke yake, amwelekeze msikilizaji kwa klabu au mfunzaji wa karibu. Msikilizaji anayetetea kola na yule anayeipinga wangeweza kuitia sahihi barua hiyo wote wawili.

Asali alichukua karibu mwaka kurudi. Mzee alinikataza kumkaribisha kwenye ndege kwa wiki sita, kisha tukaanza na njiwa mmoja aliyeachiliwa mbali, bila amri, bila kola, mimi nimekaa tu kwenye nyasi. Siku ya nne aliinua kichwa. Sasa ana miaka minne. Kola anaivaa, ngazi iko chini, na tangu msimu ufunguliwe nimeibonyeza mara mbili, zote mbili barabara ikiwa karibu na ndege akiwa hayupo.