Kanzu ya mjomba

Sikatai, keekee niliishika mimi mwenyewe. Lakini na mjomba naye, nani alimtuma avae kanzu nyeupe kupanda DT?

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT 125 ya zamani, zile ambazo mabwana shamba walikuwa wakizunguka nazo vijijini enzi mimi navaa kaptura. Niliinunua Arusha, ikashushwa Mtwara juu ya lori la vitunguu. Pampu yake ya oili ilikuwa imeng'olewa zamani, kwa hiyo oili unachanganya kwenye petroli kwa mkono wako. Kule Arusha ilikuwa inalia vizuri tu. Huku, siku ya kwanza nimeivuta resi kuelekea Mikindani, injini ikaanza kugonga kama karanga kikaangoni, na nilipofungua plagi nikaikuta nyeupe kama jino la mtoto.

Plagi nyeupe maana yake hewa imezidi petroli. Nilikesha na simu usiku mzima ndipo nikaelewa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ya huko nyepesi, kwa hiyo mwenyewe wa kwanza alifunga kwenye kabureta jeti, yaani kile kipande kinachopitisha petroli, ya tundu dogo. Mtwara bahari unaiona kwa macho, hewa imejaa, ile petroli ya Arusha haitoshi. Na injini ya tu-stroki kama hii haina msamaha hapo. Oili imo ndani ya petroli, kwa hiyo kimoja kikipungua na mwenzake kapungua. Pistoni inapata moto, inavimba, inang'ang'ania silinda, tairi la nyuma linagoma na wewe unatangulia peke yako.

Dawa ni jeti kubwa kidogo. Kidogo! Jeti hupandishwa kwa hatua ambazo jicho halizioni. Nilizunguka maduka ya spea za bodaboda mpaka jua likanichoka. Kila mwenye duka alinionyesha jeti za pikipiki za Kichina, kisha akanishauri ninunue pikipiki ya Kichina.

Nyumbani nilikuwa na keekee. Tundu la ile jeti halikufika milimita 1. Ncha yangu nyembamba kuliko zote ilikuwa ya milimita 1.25. Nikajiambia, tofauti ni robo tu.

Nikatoboa. Halafu, maadam kabureta iko wazi, nikahamisha na klipu ya sindano mpaka mfuo wa mwisho chini, ili sindano inyanyuke, petroli ipite kwa raha. Na kwa kuwa bado naiogopa ile pistoni, lita 5 za petroli nikazitilia robo lita nzima ya oili, karibu mara mbili ya inavyotakiwa. Nikaijaribu mitaa ya Shangani jioni. Ilitulia kama maji mtungini! Nilichokuwa sijakijua ni kwamba ukienda polepole, resi imefunguka kidogo, injini inakula kupitia jeti ndogo ya sailensa, ile ya kuunguruma bila kuvuta resi. Ile kubwa niliyoitoboa ilikuwa bado haijaguswa. Nimepima mvinyo kwa kunusa kizibo.

Kesho yake ilikuwa siku ya kupeleka posa Newala. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye kauli, na mimi mwoaji sikutakiwa hata kuonekana barazani. Alitakiwa kwenda na basi. Basi likamwacha, kwa sababu alikuwa anasubiri kanzu ipigwe pasi mara ya pili.

"Mpwa," akasema, "si una pikipiki?"

"Ninayo, mjomba. Ila..."

"Ila nini? Si nimewaandikia kwenye barua kwamba wewe ni fundi?"

Mimi ni karani wa ghala la korosho. Nikanyamaza.

Kanzu haimruhusu mtu kutanua miguu, kwa hiyo mjomba alikaa upande, na upande aliouchagua ni ule wa ekzosi.

Mpaka Mnivata hatukuwa na neno. Baada ya hapo nchi inaanza kupanda taratibu, tuko wawili, nikalazimika kufungua resi yote. DT ikaguna. Ikapiga chafya. Ukatoka moshi wa buluu ambao sijawahi kuuona hata kwenye kuchoma shamba. Ilikuwa mwezi wa saba, mikorosho imetoa maua, kila mtu anapambana na ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho unaopulizwa salfa, na watoto wa kijiji kimoja walipoliona wingu letu wakakimbia barabarani wakishangilia, "Salfa! Salfa!" Mzee mmoja alitusimamisha kabisa. Alitaka kujua tunapuliza kwa shilingi ngapi kila mche.

Tulipoipita Tandahimba injini ikamisi, ikakohoa, ikanyamaza. Nikapiga kiki hadi kiatu kikatoka. Plagi nilipoifungua ilikuwa nyeusi, imelowa, inanuka kibatari. Mjomba akashuka, nami nikaiona kanzu. Upande mmoja Idi, upande mwingine gereji. Ekzosi ilikuwa ikimtemea matone ya oili nyeusi tangu Mnivata, na yeye akidhani ni umande.

Hakusema kitu. Afadhali angetukana.

Tuliisukuma mpaka chini ya mwembe mmoja, kwa kijana anayetengeneza mashine za kupulizia salfa. Nilimdharau kwanza, nakiri. Nikasahau kwamba zile mashine nazo ni tu-stroki, na kila msimu anazifungua yeye. Aliivua kabureta, akaitoa jeti, akaiinua juani, akachungulia kwa jicho moja.

"Nani kaitoboa?"

Kimya.

"Mwenyewe," mjomba akajibu kwa niaba yangu.

"Kaka, hii si jeti, hii ni bomba. Usifike nayo Newala, wale wana shida ya maji, wataipangia foleni na ndoo." Akacheka peke yake, kisha akanieleza kwamba kadiri tunavyopanda ndivyo hewa inavyopungua, na mimi badala ya kupunguza petroli nimeifungulia. "Ulitaka iogelee?"

Akachuna waya wa umeme, akachomoa uzi mmoja wa shaba, akaupitisha kwenye tundu la jeti na kuukunja huku na huku usichomoke, tundu likawa dogo tena. Klipu akaipandisha katikati. Plagi akaioka kwenye jiko la mama muuza mihogo mpaka ikakauka, akaisugua msasa. Tangi akalimwaga nusu, akaongeza petroli tupu kupunguza ukali wa oili. Kiki ya pili, ikawaka. Akachukua elfu tano, nami nikaona aibu kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Tuliingia Newala saa tisa badala ya saa nne. Bibi yake binti ndiye aliyetupokea. Akamzunguka mjomba polepole, akamtazama juu mpaka chini. "Karibu, bwana. Umekuja kuposa au kuuza mkaa?"

Kanzu ikalowekwa kwenye beseni. Mjomba, mwenye kauli, mshika ukoo, akaazimwa kanga ya yule yule bibi, akakaa nayo barazani kujadili mahari. Mimi nilijibanza uani karibu na DT, nikiwasikia. Mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyostahili, mpaka baba mkwe alipoinua sauti.

"Barua inasema kijana ni fundi. Nina mashine yangu ya salfa hapa, tangu juzi haivuti. Mwiteni aitazame mara moja."

Nikasikia mkeka ukikwaruza, mjomba ananyanyuka na kanga yake.

"Shemeji," akasema, "mahari pandisheni mnavyotaka. Bisibisi msimpe."