Charango: mila ipi hasa inatetewa?

Ubishi kuhusu charango, ala ndogo ya nyuzi ya milima ya Andes huko Amerika Kusini, hauishi. Wapo wanaotaka ipigwe kama walivyoipiga wazee, na wapo wanaoiunganisha na umeme na kuipigia roki. Nawaelewa wa kwanza, ila naona wanamlaumu asiyehusika.

Charango wanayoiita ya asili, yenye nyuzi kumi za nailoni katika jozi tano, zilizolinganishwa (yaani kukazwa zitoe sauti za) sol, do, mi, la, mi, imezoeleka majukwaani kutokana na kazi ya wanamuziki wa karne ya 20. Mauro Núñez wa Bolivia aliipa hadhi ya ala inayojitegemea ukumbini. Ernesto Cavour, akiwa na kundi la Los Jairas mjini La Paz katika miaka ya 1960, akaonyesha kasi na ufundi wa vidole ambao vijana wengi waliuiga. Wakati wao, huo ulikuwa ubunifu mtupu.

Vijijini mambo ni mengine kabisa. Kaskazini mwa Potosí, huko Bolivia, nyuzi ni za chuma, hukwaruzwa zote kwa nguvu, na milingano ni mingi. Ala hufuata majira: charango ni ya miezi ya baridi na ukame, mvua zikianza huiachia nafasi gitaa dogo la kienyeji. Huko Canas, Peru, ilikuwa ala ya kijana anayemtafuta mchumba, na ilisemekana nguva, yule nusu mwanamke nusu samaki, wa kwenye chemchemi huilinganisha usiku ili sauti yake imvute msichana. Haya ndiyo yaliyo hatarini, na hayakutishwa na gitaa la umeme.

Hata hivyo siwezi kumlaumu Núñez. Watu wa mjini waliidharau charango kwa kuwa ni ya wakulima wa Kiindio, wenyeji wa asili wa Andes. Yeye na wenzake waliivunja dharau hiyo.

Kuhusu gamba la armadilo, mnyama mdogo mwenye gamba gumu mgongoni, lililotumika zamani kutengenezea mgongo wake, sioni la kubishania: mbao zinalia vizuri, na mnyama yule aachwe aishi.

Gustavo Santaolalla wa Argentina ameifikisha ronroko, charango yenye umbo kubwa na sauti nzito, kwenye filamu na michezo ya kompyuta, wala hakumnyang'anya mwanakijiji chochote. Kinachonyang'anya ni darasa linalofundisha mlingano mmoja tu, kisha kumwambia mtoto aliyetoka Potosí na charango ya baba yake kwamba nyuzi zake zimekosewa.