Mita 312: kwa nini nabeba kipimaumbali cha leza

Pofu ni swala mkubwa sana; dume aliyekomaa anaweza kufikia uzito wa kilo 900, na ukubwa huo ndio unaomponza mwindaji. Akisimama peke yake katika uwanda usio na mti wa kumlinganisha naye, jicho husema yuko karibu, kwa sababu limezoea wanyama wa kimo cha kongoni na nyumbu, na chochote kinachowazidi hao hukisogeza mbele bila kumuuliza mwenye jicho. Asubuhi moja ya mwezi Agosti, upande wa Umasaini, niliapa moyoni kwamba pofu niliyekuwa nikimtazama yuko mita 200, au 220 nikizidisha sana. Niliinua kipimaumbali cha leza, nikabonyeza kitufe, nikabonyeza tena kwa kutoamini, na mara zote mbili namba iliyotokea ni 312. Mzee aliyekuwa akitufuatilia nyayo aliiona sura yangu, akacheka kimyakimya. "Mwanangu," alisema, "pofu humfanya mtu mzima aonekane mwongo."

Bunduki niliyokuwa nayo ni ya .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi), yenye risasi ya greini 300, yaani takriban gramu 19, na darubini yake ilikuwa imerekebishwa ili risasi igonge palepale ninapolenga kwa umbali wa mita 100. Risasi ya namna hiyo ikifika mita 200 huwa imeshuka takriban sentimita 20 chini ya alama, na ikifika mita 300 huwa imeshuka zaidi ya sentimita 60, kwa kuwa inaendelea kupoteza mwendo huku mvutano wa dunia ukiivuta chini bila kupumzika. Maana yake ni kwamba kama ningeliamini jicho langu nikalenga juu kidogo kwa ajili ya mita 200, risasi ingalimpata pofu mguuni, au ingalipita chini ya kifua chake na kwenda kutafuta mahali pa kuangukia ambapo mimi sikupachagua.

Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kufanya kosa hilo. Miaka mingi kabla sijamiliki kifaa hiki, nilimpiga kongoni niliyedhani yuko umbali wa kawaida, nikamvunja mguu wa mbele, tukamfuata kwa matone ya damu hadi giza likatuzuia. Kesho yake tai walituonyesha alipolala, na fisi walikuwa wamekwisha maliza kazi yao. Katika uwindaji wa kitalii hapa Tanzania, mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa sawa na aliyeuawa, na naiona kanuni hiyo kuwa ya haki kabisa, ingawa ada haimrudishii mnyama usiku wake mmoja.

Basi msimamo wangu ni huu. Kipimaumbali cha leza kina kazi moja kubwa, nayo ni kumwambia mwindaji kwamba yuko mbali mno. Kazi ya pili, ya kumwezesha kupiga mbali kuliko alivyozoea, ndiyo inayokiuza madukani na ndiyo inayopambwa katika matangazo, nami naipinga.

Inafaa kueleza kwanza namna kinavyofanya kazi, maana watu wengi wanakiamini kama msahafu na wengine wanakishuku kama uganga. Kifaa hutoa mpigo mfupi wa mwanga usioonekana kwa macho, mara nyingi wenye urefu wa wimbi wa nanomita 905, kisha husubiri kiasi kidogo cha mwanga huo kirudi baada ya kugonga kitu. Kwa kuwa mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, safari ya kwenda na kurudi kwa mnyama aliye mita 150 huchukua takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde, na saa iliyomo ndani ya kifaa hupima muda huo na kuugeuza kuwa mita. Leza yenyewe ilianza kufanya kazi mwaka 1960, katika maabara ya Theodore Maiman huko Marekani, na matumizi ya kupima umbali yalifuata muda mfupi baadaye, hasa jeshini. Wawindaji wa kawaida walikuja kuipata miongo mitatu baadaye, mwaka 1992, kampuni ya Leica ilipotoa darubini ya macho mawili yenye kipimaumbali ndani yake.

Katika maelezo hayo mna mambo mawili ambayo muuzaji hatakwambia. La kwanza ni kwamba namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, mathalani mita 1,000, hupatikana kwa kupima kitu kinachorudisha mwanga vizuri, kama kibao cha barabarani, na si ngozi ya mnyama yenye manyoya, chini ya jua kali la saa saba mchana, ambapo uwezo huo hupungua sana. La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni kwamba mwale haubaki mwembamba kama uzi. Hutanuka kadiri unavyokwenda, na kwa vifaa vingi utakuta kwamba ukifika mita 300 umekuwa na upana wa nusu mita au zaidi. Swala tomi ana kimo cha takriban sentimita 60 tu begani. Kwa hiyo unapompima kwa umbali huo, sehemu ya mwanga wako inamgonga yeye, sehemu nyingine inagonga nyasi zilizo mbele yake, na nyingine inakwenda kwenye kichuguu kilicho nyuma, kisha kifaa kinaamua chenyewe ni mrudisho upi kikuonyeshe.

Mwezi Julai, msimu unapofunguliwa na nyasi bado ziko kiunoni, tatizo hili hujitokeza kila siku. Unampima tohe, unapata mita 84, unafurahi, kumbe umepima shada la nyasi lililo katikati ya safari na tohe mwenyewe yuko mita 170. Vifaa vingi vina chaguo la kuonyesha kitu cha karibu kabisa au cha mbali kabisa kilichorudisha mwanga, na mtu anayewinda penye nyasi ndefu anapaswa kulijua chaguo hilo kabla ya kutoka kambini, wala si wakati mnyama amekwisha inua kichwa. Moshi nao una vituko vyake, hasa katika majuma ambayo moto unatembea porini. Dawa niliyofundishwa, na ambayo sijapata iliyo bora kuliko hiyo, ni kutompima mnyama peke yake: pima mgunga aliosimama karibu nao, pima kichuguu kilicho kushoto kwake, kisha mpime yeye mara mbili. Namba zikikubaliana, sawa. Zikitofautiana, amini kwamba hujui umbali.

Kuhusu mlima na bonde sitasema mengi, kwa sababu nchi yetu ya uwindaji kwa sehemu kubwa ni tambarare. Ila anayemwinda mbuzi mawe kwenye miamba ajue kwamba risasi hushuka kwa kufuata umbali wa mlalo, si urefu wa mwale. Mnyama ambaye kifaa kinasema yuko mita 200, naye yuko juu yako kwa pembe ya digrii 30, anapaswa kulengwa kama aliye mita 173. Vifaa vya siku hizi hufanya hesabu hiyo vyenyewe.

Wapo wanaopinga kifaa chote kwa jumla, na wengi wao ni wazee ninaowaheshimu. Wanasema jicho la porini halihitaji betri. Niliwahi kulipima dai hilo kwa kumwomba mzee yuleyule wa nyayo akadirie umbali wa vitu mbalimbali kabla sijabonyeza kitufe. Ndani ya miombo, kwa umbali usiozidi mita 100, alinishangaza: alikosea kwa hatua chache tu, na mara kadhaa alitaja namba ileile. Tulipotoka kwenye uwanda wazi, akakosea kama mimi, na siku ya pofu alikuwa amekadiria mita 230. Hakuna aibu hapo. Mwanga mkali wa asubuhi huvuta vitu karibu, korongo lililo kati yako na mnyama humezwa na jicho kana kwamba halipo, na jioni au kivulini mambo hugeuka, kitu cha karibu kikaonekana cha mbali. Hatari zaidi ni kumtambua mnyama vibaya: ukidhani swala tomi ni swala granti, ambaye ni mkubwa kwa mbali kuliko yeye, utamwona yuko mbali kuliko alipo, utalenga juu, na risasi itampita mgongoni.

Ndani ya miombo hiyohiyo, kwa mfano upande wa Rungwa, nakiri kwamba kifaa changu hulala mfukoni siku nzima. Nyati hupigwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100, na anayeinamia kutazama namba wakati nyati anamtazama yeye kutoka mita 40 amekwisha poteza hesabu iliyo muhimu zaidi.

Kundi la pili la wapinzani linauliza kama ni haki kumwendea mnyama na vyombo vya namna hii. Swali hilo silidharau. Boone and Crockett Club, klabu ya wawindaji ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt, yuleyule aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo na aliyeshukia Mombasa mwaka 1909 kwa safari yake kubwa ya kuwinda, haiwapokei katika kumbukumbu zake wanyama waliopigwa kwa darubini ya bunduki yenye kipimaumbali cha elektroniki ndani yake, lakini haimkatazi mwindaji kubeba kipimaumbali cha mkononi. Kwa mtazamo wangu mpaka huo umewekwa mahali panapostahili. Kifaa kinachokaa mfukoni kinakulazimisha kuiacha bunduki, kupima, kufikiri, kisha kuamua upya kama utaishika. Kikishaunganishwa na bunduki, kupima na kufyatua vinakuwa tendo moja, na ule muda mfupi wa kusema "hapana" unatoweka.

Wanaojivunia kupiga mita 500 na 600 ndio ninaogombana nao kwa dhati. Kipimaumbali hakipimi upepo unaovuma katikati ya njia, hakipimi mapigo ya moyo ya mtu aliyetoka kupanda kilima, wala hakijui mnyama anawaza nini. Risasi nyingi za kuwindia huchukua karibu sekunde nzima kufika mita 600, na katika sekunde hiyo swala aliyekuwa amesimama ubavu anaweza kupiga hatua moja, na hatua moja inatosha kuhamisha jeraha kutoka kwenye mapafu hadi tumboni. Mimi nimejiwekea kikomo cha mita 200, tena nikiwa nimeegemeza bunduki juu ya zile fito tatu ambazo wafuatiliaji wa nyayo huzibeba. Kuna siku kikomo hicho kimenirudisha kambini mikono mitupu huku wenzangu wakila nyama. Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, ambao upinde wao hauwaruhusu hata robo ya umbali huo, bado hupata kitoweo kwa kujua upepo na kutembea polepole, kwa hiyo mwenye bunduki ya .375 hana sababu ya kulalamika.

Askari wa wanyamapori aliyetusindikiza safari ile alikiona kifaa changu akakipenda kwa sababu nyingine kabisa. Sheria hairuhusu kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari, na yeye kwa miaka mingi amekuwa akibishana na watu kuhusu walipokuwa gari liliposimama. Alikichukua, akakielekeza kwenye gari letu, akasoma namba kwa sauti, akanirudishia huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa majirani zetu wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kifaa hichohicho kinaweza kuwa mikononi mwa wahesabu wanyama, wanaotembea katika mstari ulionyooka na kupima umbali wa kila kundi wanaloliona ili kukadiria idadi yao.

Jambo dogo la mwisho kwa anayetaka kununua: tazama betri kwanza. Vingi hutumia betri ndogo ya CR2 ya volti 3, ambayo hutaipata katika duka la kijiji chochote nikijuacho, na kifaa kisicho na betri ni kokoto ya bei ghali. Beba mbili za akiba, uzitunze mbali na unyevu.

Yule pofu tulimwendea kwa miguu tukiwa na upepo usoni, tukizunguka nyuma ya migunga kwa muda wa saa moja na nusu. Tulifika mahali ambapo kipimaumbali kilisema 146, mzee akasimika zile fito, na kabla sijaweka bunduki upepo uligeuka ukatugusa shingoni. Pofu aliondoka kwa ule mkimbio wake wa kujivuta, bila haraka, mpaka akawa nukta. Tangu siku hiyo mzee huniomba kifaa kila asubuhi kabla ya chai, huchagua mti mmoja ng'ambo ya kambi, hutaja namba yake, hunitaka nitaje yangu, kisha hubonyeza. Mara ya mwisho tulipokuwa pamoja alikosea kwa mita nne, na mimi kwa kumi na tisa.