Vumbi tunaliona, na huu moshi wa saa moja jioni je?

Februari kulikuwa na siku moja upepo ulianza saa nne asubuhi na haukunyamaza mpaka jua likazama. Nguo nilizoanika zilitoka kwa kamba zikiwa rangi ya udongo, meza nilipanguza mara tatu, mama mboga wa pale kwa geti akafunika nyanya zake na leso akaenda nyumbani. Mimi nikakimbia kuangalia mashine yangu ya kupima uchafu wa hewa nikijua leo ndiyo leo. Nikapata namba iko chini ya ishirini. Nikadhani imeharibika, nikatoa waya nikarudisha, bado chini ya ishirini. Halafu jioni hiyo hiyo upepo ukatulia, mbingu safi, nyota unazihesabu, na kufika saa moja na nusu namba ikapita mia na hamsini.

Niliumiza kichwa wiki nzima. Yaani mchana tunakula udongo mashine inasema sawa, usiku hewa inaonekana tamu mashine inapiga kelele?

Mashine ninayosema ni sensa ya hewa, sio ile ya kuhesabu watu ya 2019. Nimeiunda mwenyewe nikisaidiwa na kijana fundi wa simu hapa mtaani Kaptembwo, Nakuru. Kisensa chenyewe ni SDS011, kanatoshea kwa kiganja, kameungwa na kibao kidogo cha kielektroniki, ESP8266, kinachorusha data kwa waifai. Huo mpango haukutoka kichwani mwangu, ulianzishwa na wananchi wa kawaida kule Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015, wakauita Luftdaten, siku hizi unaitwa Sensor.Community, na yeyote duniani anaweza kuunda yake na kuiweka kwa ramani. Stuttgart nayo imekaa bondeni kama bakuli, hewa chafu inakwama, na mtu wa Nakuru aliyezoea mlima wa Menengai upande huu na ziwa upande ule hatashangaa kwa nini watu wa huko walichoka wakaanza kujipimia.

Nyumba ya mashine ni elbow mbili za PVC, zile za bomba la maji machafu, unazipachika pamoja midomo ikiangalia chini mvua isiingie, halafu unafunga kipande cha neti ya mbu kwa sababu buibui wanapapenda hapo ndani kuliko unavyodhani. Kila baada ya dakika mbili na nusu hivi inaamka, inavuta hewa, inapima, inatuma, inalala. Inalala kwa sababu leza yake imetengenezewa kazi ya masaa 8,000 hivi, ukiiwasha bila kupumzika haimalizi mwaka. Stima ikipotea nayo inapotea, na hiyo ni mara nyingi tu, kwa hivyo data yangu ina mashimo na sifichi.

Sasa turudi kwa ile siku ya vumbi. Kumbe mashine haikuwa imeharibika, ni mimi sikujua inaona nini. Ndani kuna kafeni kadogo kanavuta hewa, leza inapiga ile hewa, chembe ikipita mwanga unatawanyika na kuna kijicho kinachosoma huo mwanga. Kijicho hicho ni hodari kwa chembe ndogo sana, za moshi, zile zinaitwa PM2.5, maana yake hazizidi maikromita 2.5, ukichukua unywele mmoja wa kichwa upana wake unaingiza kama thelathini zikiwa zimepangwa mstari. Lakini vumbi la barabara ni chembe kubwa, nzito, kafeni hako hakana nguvu ya kuzivuta vizuri, na hata zikiingia mwanga wake hausomwi sawasawa. Ile namba ya PM10, yaani ya chembe mpaka maikromita 10, inayotolewa na hizi mashine za bei ya chini mara nyingi ni kama kukisia kutoka kwa zile ndogo. Kwa hivyo hapa tuko na mji ambao jina lake lenyewe wanasema limetoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi, na nimeweka ukutani mashine isiyoliona vumbi.

Hii kitu ingeelezwa kwa kila mtu anayenunua sensa, na iandikwe kwa herufi kubwa, maana nimeona watu wakipiga picha ya namba ndogo siku ya upepo wanatuma kwa grupu za WhatsApp wakisema hewa iko poa. Haiko poa, vumbi linaumiza kifua, ni vile tu halipimwi hapo.

Lakini moshi inauona, na hapo ndipo nimeanza kuiheshimu.

Nilinunua daftari ya kawaida tu ya mraba, nikaining'iniza kwa kamba karibu na mlango, na ninaona hiyo daftari ndiyo nusu ya kazi, labda zaidi ya nusu. Namba ikipanda natoka nje naangalia na kunusa, naandika. Saa 12:40 jioni, majiko matatu kwa korido, moja limewashwa na mfuko wa plastiki. Saa 1:15, mtu anachoma taka nyuma ya ploti, nepi na chupa. Saa 11:30 asubuhi, ukungu, baridi, sioni hata ukuta wa jirani. Hiyo ya ukungu ni muhimu kwa sababu hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe zinafyonza maji zinavimba na mashine inasoma juu kuliko ukweli, sasa bila daftari ungesema Julai asubuhi Nakuru inaungua.

Baada ya miezi mitatu nikaangalia kurasa zangu. Nilikuwa nimeingia kwa hii kazi nikiwa na mshtakiwa tayari. Mimi nilijua ni malori ya ile barabara kuu ya Eldoret na ni moshi wa Gioto, lile jalala la mji. Dada yangu anakaa London, nasema London ya hapa Nakuru, na Gioto ikiwaka hawezi kufungua dirisha, hilo sitalifuta. Lakini pale kwangu Kaptembwo saa mbaya kuliko zote siku baada ya siku ilikuwa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili usiku, na chanzo kilikuwa hatua sita kutoka mlangoni kwangu, wanawake wakiwasha makaa kwa korido yenye paa la mabati na ukuta pande zote mbili. Na watoto wakiwa wamekaa hapo hapo kwa ngazi wakifanya homework kwa sababu ndiko kuna taa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa kupikia ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mwaka 2021 wakakaza kiwango chao, wastani wa PM2.5 kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, zamani ilikuwa 10, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Angalia hilo neno wastani. Ile mia na hamsini yangu ni ya muda mfupi, huwezi kuichukua ukaiweka kando ya 15 ukasema tumezidi mara kumi, hiyo ni kudanganya watu na ukishikwa nayo mara moja hakuna atakayekusikiliza tena. Lakini jioni kama hiyo kila siku, kila mwezi, kwa kifua cha mtoto wa miaka minne, hiyo haihitaji hesabu kali sana.

Sasa hapa ndipo naogopa hizi sensa zinaweza kutumiwa vibaya. Nilipoonyesha kurasa zangu kwa mkutano wa wapangaji, neno la kwanza lililotoka, na lilitoka kwa mwanaume, ilikuwa basi hawa akina mama wakatazwe majiko. Wakatazwe wapike na nini? Gesi ukijaza mtungi wa kilo sita hela inatoka yote kwa siku moja, makaa unanunua kwa kopo, ya leo tu, na mtu anayelipwa kwa siku ananunua moto kwa siku. Kama namba zangu zitaishia kumfukuza Mama Brayo kwa korido ili aende kukaa kwa mvua na jiko lake, afadhali ningeacha kupima.

Mwenyewe Mama Brayo ndiye alikuja na jibu. Aliuliza, "Sasa mwanangu, hiyo mashine yako inaweza kuniambia moshi ni mwingi wakati gani, nikiwasha ama nikipika?" Tukakaa naye jioni nne. Ni wakati wa kuwasha, ile robo saa ya kwanza kabla makaa yashike, hapo ndio namba inapaa, na ikiwa ni plastiki imetumika kuwashia inapaa zaidi. Makaa yakishakuwa mekundu namba inashuka sana (ingawa hapo bado kuna ile gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu na mashine yangu haiipimi kabisa, kwa hivyo jiko ndani ya nyumba imefungwa bado ni kifo, tafadhali). Basi siku hizi wengi wanawashia nje ya geti kwa upepo, likishika wanaingia nalo korido. Hakuna pesa iliyotumika. Saa moja jioni pale kwangu siku hizi si sawa na ya zamani, naiona kwa kurasa.

Nilibeba hizo kurasa na printi za grafu mpaka ofisi moja ya umma hapa mjini. Afisa aliangalia elbow zangu za PVC kwa picha, akacheka kidogo, akasema hizo ni toi za watoto, data yake haikubaliki popote. Iliniuma, kwa sababu nusu ya anachosema ni kweli. Mashine kama yangu inatakiwa ikae wiki kadhaa kando ya mashine kubwa ya kuaminika, zinapumua hewa moja, halafu unajua yako inadanganya kiasi gani na unairekebisha. Hiyo ndiyo kazi wanayoifanya AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, tangu 2015, wanaunda sensa zao wenyewe, zinafungwa mpaka kwa bodaboda, na namba zinarekebishwa kitaalamu. Sio Wazungu hao, ni majirani zetu hapa. Kwa hivyo ukiniambia data yangu haijapimwa na kubwa, nakubali, na swali langu ni kubwa iko wapi nikaipime? Mashine za kutegemea za mtu mwingine tumeshaona mwisho wake, Machi 2025 Marekani iliacha kuchapisha data za hewa kutoka kwa balozi zake kote duniani, Nairobi ikiwemo, ikazimwa tu kama taa.

Na kusema haikubaliki popote pia si kweli. Katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inasema ukienda kortini kudai hiyo haki hulazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu ameumia tayari. Soma hiyo tena taratibu. Hatuhitaji kungoja watoto walazwe ndio tuwe na la kusema. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa walikuwa wameshaumia na madini ya risasi, ile sumu ya kiwanda, walipopata hukumu ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na hata hapo kesi ikaendelea miaka mingine. Mimi sitaki Kaptembwo ifike huko. Wala sitaki London ifike huko, pale Gioto kuna watu wanaishi na kula kutokana na hiyo taka na moshi wanauvuta usiku na mchana, na hakuna daftari inayoning'inia hapo.

Sensa ya pili imeshaunganishwa, iko kwa meza yangu, Jumamosi inapanda kwa ukuta wa dada yangu. Msichana wake wa darasa la sita ameshachora mistari kwa daftari, saa, namba, upepo unatoka wapi, unanusa nini. Ya tatu tunachanga.

Tunachoomba kwa kaunti ni kitu kimoja. Nunueni mashine moja nzuri, moja tu kwa mji wote wa Nakuru, muiweke mahali pa wazi, halafu mturuhusu tuje na hizi zetu tatu tuzifunge kando yake wiki mbili. Tutakuja na ekstensheni yetu.