Nesi Akichoka, Ni Moyo au Ni Wodi?

Muuguzi akianza kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda, "wa saba dripu imeisha", "wa kumi na mbili analia tena", wako wanaoona mtu aliyeishiwa na subira, anayehitaji ushauri nasaha na semina ya kukabili msongo. Wengine, hasa wa vyama vya wafanyakazi, huona wodi isiyo na watu wa kutosha, na kwao habari za saikolojia ni njia ya kukwepa kuajiri. Mombasa ubishi huu una uzito wake. Tangu ugatuzi wa 2013 kaunti ndiyo mwajiri, na hospitali kuu ya rufaa ya Pwani nzima, Coast General, iko hapa kisiwani.

Kwanza tujue tunachokizungumzia. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya, ICD-11, iliyopitishwa 2019, liliuweka uchovu wa kazi (kwa Kiingereza, burnout) kama jambo la kazini, si ugonjwa, na likautaja kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuidharau, na kujiona hufai kitu. Kipimo kinachotumika zaidi, cha watafiti Christina Maslach na Susan Jackson cha 1981, kina sentensi 22. Tisa zinauliza kuhusu kuchoka kihisia, 8 kuhusu kujiona unafanikiwa kazini, na 5 kuhusu kuwaona wagonjwa kama vitu.

Uchovu wa kawaida huisha kwa usingizi wa siku mbili tatu. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, humfuata mtu hadi harusini. Huu wa kazi, angalau mwanzoni, unajua mipaka: siku ya mapumziko nesi anacheka na wenzake, kesho yake kwenye foleni ya feri ya Likoni, akielekea zamu, tumbo linaanza kumkaza.

Upande wa wodi una hesabu, na hesabu yake ni nzito. Chukua mfano wa zamu ya usiku ya saa 12, wagonjwa 30, wauguzi wawili. Kila mmoja ana 15. Kupima presha, joto, mapigo na pumzi ni dakika 5 kwa mgonjwa. Ukizunguka mara tatu, dakika 225 zimekwenda. Dawa za saa nne usiku na za saa kumi na mbili asubuhi, kwa dakika 6 kila mgonjwa, ni 180. Kuandika faili kwa dakika 10 kila moja, 150. Jumla ni 555 kati ya 720. Zilizobaki, 165, ndimo mna kupokea mgonjwa mpya, kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa mbili, kumtayarisha marehemu, kula na kwenda msalani. Mmoja akizidiwa saa tisa za usiku, kuna kitu kitaachwa.

Na kinachoachwa mara nyingi si sindano, maana sindano ina karatasi ya kutiwa sahihi. Huachwa kumgeuza mgonjwa, kukaa naye kidogo, kumweleza mama kwa nini mtoto hapewi maziwa. Yaani yale yale yaliyomvuta mtu akasomea uuguzi. Hapo upungufu wa watu unakuwa jambo la nafsi: anajua la kufanya, mazingira hayampi nafasi, na anayeona aibu ni yeye. Mwanafalsafa Andrew Jameton aliieleza hali hii mwaka 1984. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita dhiki ya dhamiri. Mwili uliochoka haumfanyi mtu ajichukie. Dhiki hii humfanya.

Mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake, walipochunguza hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani, walichapisha mwaka 2002 kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa uchovu wa kazi. Huko walikuwa wakizungumzia wagonjwa wanne hadi wanane kwa muuguzi, kwa hiyo asilimia hiyo haibebeki kama ilivyo hadi wodi ya 15. Mwelekeo wake unabebeka.

Hata hivyo, wauguzi wawili wa zamu moja, mmoja huchakaa na mwingine akadumu. Hesabu ya dakika pekee haielezi hilo.

Sababu moja ni kuigiza hisia. Anayetabasamu huku ndani amefura huchoka upesi kuliko anayejaribu kweli kuona jambo kwa jicho la ndugu wa mgonjwa. Ila huyu wa pili naye huenda nalo nyumbani. Saa ya kuona wagonjwa ndugu huja kwa kundi, na swali "sista, hali yake vipi?" hujibiwa mara sita kwa mgonjwa mmoja. Familia ikichagua msemaji mmoja, mara tano zimeokolewa, na tabasamu tano.

Nyingine ni wito. "Stahamili, Mungu atakulipa" ni ngao ya kweli miaka ya mwanzo. Baadaye ngao hiyo hugeuka mtego, kwa kuwa asiyeweza kukataa ndiye anayepigiwa simu kujaza zamu, na mtaani ndiye anayegongewa mlango apime presha. Tena kuna haki: mgomo wa wauguzi wa Juni hadi Novemba 2017 ulihusu pesa, lakini malipo yakicheleweshwa mtu husoma humo kiasi anachothaminiwa.

Watetezi wa semina nao si wa kubezwa. Tathmini ya 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za afya, kuhusu wahudumu wa afya ilionyesha kuwa mbinu za mtu binafsi, kama kutuliza mwili na mafunzo ya kukabili msongo, huenda zikapunguza msongo kwa muda wa hadi mwaka. Mabadiliko ya kitaasisi haikuyapima, na hilo halimaanishi hayafai: ni rahisi kuwapima watu 40 kwenye mkeka wa mazoezi ya kutuliza mwili kuliko kubadilisha ratiba ya hospitali.

Kwa maoni yangu kosa liko kwenye mpangilio. Semina ikitangulia, ujumbe anaousikia nesi ni kwamba tatizo ni yeye, na dhiki ya dhamiri inazidi. Vitangulie vitu ambavyo havingoji ajira mpya: ratiba ibandikwe wiki nne kabla, zamu za usiku zisizidi tatu mfululizo, likizo ya siku 21 za kazi iliyo kwenye Sheria ya Ajira ya 2007 itolewe kwa zamu inayojulikana, isiwe fadhila ya msimamizi, na mtoto akifa wodini, dakika 15 za kuzungumza kabla ya kukabidhi zamu, bila kutafuta mkosaji. Mkeka utafuata.

Na wodi ikitaka kujipima, fomu isiwe na jina. Muuguzi akijua matroni ataisoma, zile sentensi 5 za kuwaona wagonjwa kama vitu atazijibu zote "kamwe", na kwenye karatasi wodi itaonekana nzima.