Mbona elki hawaguswi?
Nimesoma makala inasema eti nyati wa Marekani (baisani) wa hifadhi ya Yellowstone wakivuka kuingia jimbo la Montana inabidi wapigwe risasi au wapelekwe machinjioni wasije wakaambukiza ng'ombe brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, hapo mwandishi wa makala katupatia nusu tu ya habari. Mi naishi Missoula, hukohuko Montana, nimeshapita Gardiner, kamji kalikopakana na hifadhi, mwezi wa pili, unawakuta wameshuka kutoka mlimani, barafu imewagandia kwenye ndevu, wanasukuma theluji kwa kichwa huku na huku watafute majani, ni njaa tu ile hawana shida na ng'ombe wa mtu. Na elki, wale kulungu wakubwa wa huku, nao wanayo brusela hiyohiyo, tena ng'ombe walioambukizwa maeneo yale chanzo kikifuatiliwa kinakutwa ni elki, ila elki anavuka anavyotaka. Msimu wa baridi wa 2022 hadi 2023 nyati waliouawa walizidi 1,000, na huyu ndo mnyama wa taifa kisheria tangu 2016! Sheria ile haimlindi popote, ni heshima ya jina. Mwaka 1902 walibaki kama 23 tu mle hifadhini jamani, kwa nini wasiingizwe kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka? Mlioko majimbo jirani ya Wyoming na Idaho, wafugaji wa huko wanasemaje?