Hizo daftari za maneno msiwanyang'anye watoto

Mwezi uliopita kwenye mkutano wa wazazi hapa Kisumu mwalimu wa Kiingereza alisimama akatuomba tuache kuwanunulia watoto daftari za msamiati, zile mtoto anaandika neno upande wa kushoto na maana yake upande wa kulia, akasema hiyo ni kukariri na CBC, huu mtaala wa umilisi wa shule za Kenya, haitaki kukariri, mtoto asome stori nyingi tu na maneno yatamwingia yenyewe. Wazazi wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na tangu siku hiyo hilo jambo limenikaa kichwani kwa sababu upande wa daftari haukupata mtu wa kuusemea.

Mwalimu ana haki yake. Neno ukilijua maana pekee bado hujalijua. Kamusi itakuambia "commence" ni kuanza, basi mtoto anaandika "the baby commenced crying" na sarufi iko sawa kabisa ila hakuna mtu huongea hivyo nyumbani, na hicho ni kitu utakipata kwa kusoma na kusikiliza tu. Halafu kuna zile kompozisheni zetu sote tunazijua, "I woke up as fit as a fiddle", darasa zima watoto hamsini wameamka hivyo hivyo. Hapo nakubali ni kukariri. Lakini tuangalie vizuri kilichokaririwa, ni sentensi nzima, si maana. Muulize huyo mtoto "fiddle" ni nini, hajui, na ile orutu ya muziki wa Kijaluo anaisikia kila siku! Angefungua kamusi angepata ni chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa kusugua na upinde, angesema kumbe ni ndugu ya orutu, na hangelisahau tena.

Sasa hii ya soma tu maneno yatakuja. Mwaka 2000 watafiti wawili, Hu na Paul Nation wa New Zealand, walipima msomaji anahitaji kujua kiasi gani cha maneno ndio aelewe hadithi bila kusaidiwa, wakafika karibu asilimia 98. Hiyo 98 watu huipita haraka sana. Chukua ukurasa wa maneno 300. Asilimia 98 maanake maneno asiyoyajua ni 6 tu. Asilimia 95 ni 15. Asilimia 90, ambayo kwa mtihani mzazi angechinja kuku, ni maneno 30 kwa ukurasa mmoja, yaani karibu kila mstari una shimo, na shimo haliko kwa "the" ama "and", liko kwa lile neno lililobeba habari yenyewe. Na kwa asilimia 80 hakuna hata msomaji mmoja kwenye huo utafiti aliyeielewa hadithi vya kutosha, hata mmoja. Baadaye, 2006, Nation akahesabu kwamba kufika hiyo 98 kwa riwaya na magazeti ya kawaida unahitaji familia za maneno kama 8,000 hadi 9,000, na familia ni kama "help", "helpful" na "helpless" zikihesabiwa moja. Mtoto wa Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, anaongea Dholuo nyumbani na Kiswahili njiani, Kiingereza anakutana nacho darasani, na kitabu chenyewe wanashika watatu. Hizo 8,000 atazitoa wapi kwa kusoma kurasa zenye mashimo?

Watu husema atakisia kutoka kwa sentensi. Nilimjaribu mtoto wa dada yangu, yuko gredi ya saba na si mjinga hata kidogo, nikamwandikia "The old man was reluctant to sell his cow, but he sold it." Akasema "reluctant" ni maskini. Nikamwambia jaribu tena, akasema ana haraka, kisha akasema ana hasira. Na ukiangalia zote zinaingia! Mzee maskini anaweza kuuza ng'ombe, mwenye hasira pia. Sentensi yenyewe haikumsaliti mtoto, haikuwa na jibu tu. Maana ya mstari mmoja, hataki kufanya kitu hivyo anasitasita, ndiyo iliyofunga hilo shimo kwa nusu dakika.

Kamusi pia iwe ya wanafunzi. Ile kubwa ya Waingereza wenyewe unatafuta neno moja unarudi na mawili magumu zaidi. Michael West, aliyekuwa amefundisha Bengal, aliliona hilo mapema, na kamusi aliyoitoa na mwenzake 1935 ilieleza maneno na misemo kama 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 pekee. Fikiria hapo. Mtoto akishika hayo elfu moja na kitu, mengine yote yanaelezeka kwa yale ambayo tayari ako nayo.

Kwa hivyo mimi siko kinyume na stori, huyu mtoto wa dada yangu Jumamosi nampeleka maktaba na lazima arudi amesoma kitu. Ninachokataa ni kumwambia mtoto asiye na vitabu atumie njia ya mtoto mwenye rafu nzima ya vitabu sebuleni, alafu akishindwa tuseme hapendi kusoma. Daftari yake bado iko. Maneno anayatoa kwa kile anasoma wiki hiyo, matano kwa siku, si zaidi, maana anaiandika kwa Kiingereza rahisi ama Kiswahili ama Dholuo vile inamkaa, na chini yake sentensi yake mwenyewe, si ya kamusi. Kwa "reluctant" ameandika "Dani is reluctant to go to hospital." Dani kwa Dholuo ni nyanya, na ni kweli, mama yake amekuwa akimbembeleza nyanya huyo aende kupimwa macho tangu Januari.